Jumba la Biltmore Krismasi: mchana au usiku?

Mlio North Carolina au majimbo ya jirani, kama mnafikiria kuwapeleka watoto Biltmore, lile jumba la kale la kitajiri kule Asheville, msimu huu wa Krismasi, amueni kwanza: mchana au usiku. Tiketi ina saa ya kuingia ndani ya jumba, na saa nzuri za wikiendi za Desemba huisha mapema.

Usiku kuna mishumaa, moto kwenye meko ya ukutani na muziki, kweli panapendeza. Lakini bustani hamtaziona, na mtoto wa miaka minne saa mbili usiku ni mzigo wa kubeba mgongoni. Wenye wadogo, nendeni mchana. Mkiwa na bibi au babu, ulizieni lifti kabla ya kulipa, maana ngazi ni nyingi.

Tajiri George Vanderbilt, aliyelijenga jumba hili, alilifungua kwa ndugu na marafiki mkesha wa Krismasi, 1895. Lina vyumba 250, kwa hiyo msijaribu kusimama kila mlango. Tulieni kwenye ukumbi wa karamu, penye mti wa futi 35 hivi, kisha hifadhini nguvu za watoto kwa ajili ya chini kabisa, kwenye bwawa la kuogelea na uwanja wa bowling. Wangu walisahau mapambo yote walipofika huko.

Halafu ondokeni nyumbani mapema. Kutoka langoni hadi jumbani ni kama maili 3, na bado kuna kuegesha gari na kusubiri basi. Chooni kabla ya foleni, tafadhali.