Kabla ya Kwenda Kuandika Historia ya Wafugaji wa Ugogo

Anayekusudia kukusanya historia ya wafugaji katika vijiji vya ndani vya wilaya za Bahi, Chamwino au Chemba, mkoani Dodoma, atazame kwanza msimu, ndipo apange ratiba yake. Ugogo, nchi ya Wagogo katikati ya Tanzania, una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na katika miezi hiyo njia za mbugani hugeuka tope huku wenyeji wakishughulika na palizi ya uwele na mtama. Mavuno yakishaisha, kuanzia Juni, wazee hupata nafasi ya kukaa na mgeni. Ukichelewa hadi Oktoba, huenda vijana wengi wakawa wamekwenda mbali na mifugo kutafuta malisho.

Barua ya utambulisho ipite wilayani na kwa mtendaji wa kata kabla ya kumfikia mtendaji wa kijiji, na mwenyekiti wa kitongoji ajue utalala kwa nani.

Maandalizi marefu zaidi ni ya tarehe, kwa kuwa wazee wengi huhesabu miaka kwa njaa na ukame. Soma mapema habari za sotoka, maradhi ya mifugo yaliyofyeka ng'ombe katika miaka ya 1890, na za Mtunya, njaa ya 1918 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha mvua ikakatika. Usipoyajua hayo, mzee atakuambia kuwa babu yake alizaliwa kabla ya Mtunya, nawe utaandika maneno na kuukosa mwaka. Tena, kijiji chenyewe huenda ni kichanga kuliko mzee unayemhoji, maana Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwakusanya vijijini watu waliokuwa wakiishi katika tembe, nyumba za udongo zenye paa bapa, zilizotawanyika. Tenga siku ya kwenda kwenye mahame, yaani makazi hayo yaliyoachwa, pamoja na mwenyeji anayekumbuka zizi lilikuwa wapi.

Usimuulize mtu ana ng'ombe wangapi. Swali hilo halina adabu, na jibu lake halitakufaa, kwani kwa desturi sehemu ya mifugo iliyomo zizini ni ya jamaa na marafiki, naye amekabidhi ya kwake kwingine ili maradhi au ukame usiimalize yote kwa pamoja. Uliza ng'ombe fulani alitoka kwa nani, na hapo zitafunguka habari za mahari, udugu na madeni ya vizazi.

Jiandae kuwafuata watu kazini. Wakati wa kiangazi huchimbwa visima katika mito ya mchanga. Mmoja husimama chini akijaza ndoo, wenzake huipokezana hadi kwenye hori, na makundi hunyweshwa kwa zamu. Zamu hiyo ina historia yake, ya nani alichimba na nani aliruhusiwa.

Tafuta pia mkalimani mwanamke anayekijua Kigogo vizuri, kwa sababu desturi ya kutenga mifugo kwa nyumba ya kila mke inasimuliwa kwa undani zaidi na wanawake wenyewe.

Betri, sola na daftari ni vya kawaida. Kinachosahauliwa ni kukubaliana, kabla kinasa sauti hakijawashwa, ni majina ya nani yatatajwa, na nakala ya sauti itakabidhiwa kwa nani pale kijijini.