Ukitaka kumwona mnyama adimu, zima gari

Kila alfajiri kabla hatujavuka geti la hifadhi, wageni wangu huuliza leo tutamwona nani. Chui? Mbwa mwitu? Kakakuona? Huwa siahidi. Ila miaka 19 ya kushika usukani Serengeti na Ruaha imenionyesha kuwa wanyama hawa hawafukuziwi kwa gari, wanangojewa. Nawaandikia madereva chipukizi, pamoja na yeyote anayejiandaa kwa safari yake.

Punguza kilomita. Chagua kipande kifupi cha mto chenye miti mikubwa, kama kilomita 4 au 5, ukipitie asubuhi na jioni kwa siku mbili tatu mfululizo. Ukishakizoea, kila kisiki unakijua, na kitu kipya kikitokea jicho linakidaka lenyewe.

Kisha simama, zima injini, kaa nusu saa. Dakika 2 hazitoshi, maana mbuga huanza kusema wewe ukishasahaulika. Swala pala akimwona chui hutoa pumzi puani kwa nguvu, kama chafya kavu, tena na tena, na kundi zima linageuza nyuso upande mmoja. Tumbili hulia akiwa juu ya mti, macho chini. Kanga simwamini peke yake, hupayuka hata kwa jambo dogo. Shahidi wangu mkubwa ni twiga. Hapigi kelele, lakini akiacha kutafuna na kukodolea macho mahali pamoja, fuata macho yake.

Jioni moja kando ya mto Seronera twiga 3 walisimama hivyo. Magari yalitupita mbio kuwafuata simba waliotangazwa kwenye redio za mawasiliano za madereva, sisi tukabaki. Mbele yetu palikuwa na mwegea, ule mti wenye matunda marefu yanayoning'inia kama soseji. Nikayapitia kwa darubini moja moja. Baada ya dakika 40 hivi, tunda moja likajikunja ncha. Ulikuwa mkia.

Kwa hiyo usitafute mnyama mzima, tafuta kipande chake: mkia, ncha ya sikio, mgongo uliolala pale ambapo nyasi zote zimesimama wima. Mondo, yule paka mwitu, kwa mfano, mara nyingi utaona masikio tu, makubwa mawili juu ya nyasi, hayatikisiki. Anamsikiliza panya. Ukimkuta hivyo usisogee hata kidogo, kwani anakaribia kuruka juu na kumshukia panya kwa miguu ya mbele.

Mbwa mwitu wana habari nyingine. Ruaha na Nyerere ndiko ningekupeleka, lakini leo wako hapa, kesho wako mbali. Kiangazi katikati ya mwaka, wakizaa, hujifunga kwenye pango lao kwa miezi kama 3, na hapo unaweza kuwategemea alfajiri na jioni wanapokwenda kuwinda. Wangojee barabarani. Pangoni usiende kabisa, maana wakisumbuliwa huwahamisha watoto, na njiani kuna fisi na simba.

Muhanga, yule mla mchwa mwenye pua ndefu, na kakakuona ni wa usiku. Hifadhi nyingi haziruhusu kuendesha gari usiku bila kibali, kwa hiyo uliza mapema ni wapi panaruhusiwa, utoke na askari wa hifadhi. Mchana kagua vichuguu: udongo mbichi uliofukuliwa na shimo pana ni dalili ya muhanga, ingawa ngiri naye hupenda kuhamia mashimo yake. Usiku tumia taa nyekundu, na usimmulike mnyama machoni.

Kakakuona nimemwona mara 2 tu katika miaka yote hiyo. Alikuwa akitembea kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani kama mzee anayewaza, magamba yakikwaruzana taratibu. Alichimba kidogo, akaingiza ulimi kwenye tundu la siafu, akaendelea na njia yake. Wazee wetu humwekea nafaka, maji na mkuki ili awatabirie mwaka, na naielewa heshima hiyo. Lakini tafadhali, usimbebe. Akiogopa hujiviringa kama mpira. Simba hushindwa kumfungua, mtu mwenye gunia hashindwi. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kakakuona wa aina zote imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini, na bado wanauawa kwa ajili ya magamba hayo.

Ndiyo maana nawasihi wageni wazime huduma ya mahali kwenye simu kabla ya kumpiga picha kakakuona au faru. Picha iliyobeba mahali ilipopigwa ni ramani mkononi mwa jangili. Na kwenye redio pia tujizuie. Nimeshuhudia duma akiacha swala aliyemkamata kwa sababu magari zaidi ya 20 yalimzingira, nasi tulioitana ndio tuliomnyima chakula.

Jioni ile ya mwegea sikushika redio. Jua likielekea kuzama chui akashuka kichwa chini, akanywa maji muda mrefu, akapita mita chache mbele ya bampa bila kututazama. Mama mmoja kwenye kiti cha nyuma alikuwa ameshika kamera mapajani. Hakuinyanyua.