Kumbukumbu inavuja kwenye daraja la Linux: anzia hapa

Wiki hii nimekaa na mwenzangu kwenye seva yake ya mashine pepe, zinazounganishwa na mtandao kwa daraja (bridge, yaani swichi ya programu ndani ya Linux). RAM ni GB 32, programu zote zikijumlishwa hazifiki 12, na bado kila baada ya siku kadhaa seva inakwama. Hii ndiyo njia tuliyopita kutafuta uvujaji, yaani kumbukumbu inayochukuliwa na isirudishwe.

Hatua ya 1. Angalia keneli (kiini cha mfumo) kabla ya programu.

`grep -E 'Slab|SUnreclaim' /proc/meminfo`

Iweke kwenye cron (kiratibu kazi cha Linux) kila saa. SUnreclaim (kumbukumbu ambayo keneli inaishikilia na haiwezi kuiachia) ikipanda usiku na mchana hata mzigo ukishuka, achana na top (inayoorodhesha programu tu), haitakuonyesha kitu.

Hatua ya 2. `bridge fdb show | wc -l`. Amri hii huhesabu anwani za MAC (za kadi za mtandao) zilizo kwenye jedwali la daraja. Kwa kawaida daraja husahau anwani isiyosikika kwa sekunde 300 (`ip -d link show br0` itakuandikia 30000, maana huhesabu kwa sehemu za mia za sekunde). Kama kuna aliyeongeza muda huo, jedwali litavimba, na huko si kuvuja.

Hatua ya 3. `slabtop -s c`, halafu usiamini jina unaloliona.

Hapa ndipo siku mbili zilipotupotea. Keneli huunganisha keshe (mafungu ya kumbukumbu, kila moja kwa vitu vya aina moja) zenye vipimo vinavyolingana na kuzionyesha kwa jina moja tu, la ile iliyotangulia kuundwa. Sisi tuliona jina lisilohusu mtandao kabisa, tukaenda kuchimba kusikohusika. Pima hivi kwanza (bridge_fdb_cache ni keshe ya jedwali la daraja):

`ls -l /sys/kernel/slab | grep bridge_fdb_cache`

Ukiona mshale unaelekea kwenye jina linaloanza na nukta mbili, tafuta wengine wote wenye mshale wa kwenda hapo hapo. Hao wanakaa chumba kimoja, na yeyote kati yao anaweza kuwa ndiye anayekula.

Dawa ni kuongeza `slab_nomerge` kwenye mstari wa kuwashia keneli. Lakini ukiwasha upya, ushahidi wote unafutika! Hifadhi /proc/slabinfo (orodha ya keshe na ukubwa wake) kwanza. Baada ya hapo itabidi usubiri kumbukumbu ivuje tena, kwa hiyo kama una mashine ya majaribio, fanyia huko na uharakishe kwa kitanzi hiki, kinachounda na kufuta jozi ya kadi pepe za mtandao (veth) mara elfu:

`for i in $(seq 1000); do ip link add v0 type veth peer name v1; ip link set v0 master br0; ip link del v0; done`

Linganisha slabinfo ya kabla na ya baada. Mimi naiamini njia hii kuliko chombo kingine chochote.

Hatua ya 4. kmemleak (kigunduzi cha uvujaji kilichomo ndani ya keneli), ikiwa keneli yako imejengwa na CONFIG_DEBUG_KMEMLEAK. Andika `scan` ndani ya /sys/kernel/debug/kmemleak mara mbili, ndipo usome. Tafuta majina yanayoanza na `br_` (ya msimbo wa daraja). Ikikaa kimya usijitangazie ushindi: hukamata tu kipande kisichoelekezwa na chochote, na kilichosahaulika ndani ya orodha hukipita.

Hatua ya 5. Panda toleo jipya la keneli, rudia kitanzi kile kile. Kwetu SUnreclaim ilitulia.