Bunduki ya upepo ikitawanya risasi, ishike kilegevu kabla ya kwenda kwa fundi
Wakuu wa Mtwara mnaonunua bunduki za upepo za springi, zile za kukunja mtutu, hasa za mtumba, ikitawanya risasi usikimbilie kuifungua. Kaza skrubu za kitako kwanza (zinalegea zenyewe kwa mtikisiko), halafu ilaze juu ya kiganja kilicho wazi, bila kuibana, na begani iguse tu. Pistoni (inayosukumwa na springi kubana hewa) ikifyatuka, bunduki inarudi nyuma, ikifika mwisho inavutwa mbele, na yote hayo risasi haijatoka mtutuni, sasa ukiibana mara kwa nguvu mara kidogo kila risasi inaenda kwake. Piga tano kwenye boksi, zikikusanyika hela ya fundi kanunulie risasi nzuri. Zikigoma, weka kipande cha tishu juu ya kiungo cha mtutu ufyatue, ila iwe na risasi ndani, ikifyatuliwa tupu pistoni inaumia. Tishu ikirushwa, sili ya hapo (raba ya kuzuia hewa) imechoka. Ukisikia inakwaruza wakati wa kukunja, hapo springi ifunguliwe tu, ushikaji hausaidii. Na kwa chumvi hii ya Mikindani ipake mafuta kwa nje, ila kwenye tundu la hewa (linalopeleka hewa kwenye risasi) usitie, yatawaka humo ndani na kuua sili ya pistoni.