Jinsi ya kuwafanya wafanyakazi wa chuo waje kazini na gari au boda ya stima

Usianze na semina jamani. Nimekaa kwenye hizo semina mpaka soda zikaisha, na kesho yake pakingi ni ileile tu, Premio na Noah za petroli. Watu hawachukii gari la stima, wanaogopa kuzimikiwa Bwaise hapa Kampala kwenye foleni na watoto wa shule wako nyuma.

Anza kwa kuuliza kila mtu analala wapi. Anayetoka Mukono mpaka Kampala, kwenda na kurudi ni karibu kilomita hamsini, na hata Nissan Leaf ya zamani yenye betri ya kWh 24, ikiwa haijachoka sana, inamfikisha, halafu kwenye foleni ikisimama mota haili kitu kama injini inayonguruma bure. Mpigie hesabu hiyo kwenye karatasi mbele yake, ataelewa kuliko slaidi arobaini.

Pili soketi, na hapa ndo wengi wanaharibu. Huhitaji mashine kubwa ya kuchaji, gari linakaa pakingi toka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, soketi ya kawaida ya pini tatu inatosha kabisa kurudisha safari ya siku. Ila fundi avute laini ya peke yake toka kwenye breka (ile swichi inayokata stima ikizidi), aweke na mita ndogo ili bursar, mshika fedha wa chuo, asilete maneno. Mwenzetu alipitisha ekstensheni dirishani, mchana tukasikia harufu ya plastiki, kwenda kuangalia plagi imekuwa kahawia. (Naandika stima makusudi, hapa Uganda ukisema umeme mtu bado anafikiria Umeme, ile kampuni iliyokuwa inasambaza stima ikaondoka 2025.)

Alafu usiwasahau askari, wafagiaji na makarani, hao hawana gari, wanapanda boda. Ongea na stage ya boda pale getini, wenye pikipiki za stima kama Zembo wanabadilisha betri dakika chache tu wanaendelea, wape hao kazi ya kubeba wafanyakazi kwa bei ya mwezi. Anayetaka pikipiki yake, Sacco ya chuo imkopeshe akatwe kwenye mshahara.

Wakibisha kwamba haya ni mambo ya wazungu wakumbushe Kiira EV ya Makerere, 2011, gari la watu wawili lilitengenezwa hapohapo kilimani.

Na ile pakingi ya chini ya mwembe wape wenye magari ya stima peke yao. Profesa aliyekataa hesabu zako zote ataanza kuuliza bei akikuta gari lake la petroli limeiva juani.