Ukiziba neno kwa mlio wa biiip, futa kwanza sauti iliyo chini yake

Nimejifunza hili nikihariri mahojiano: ukitaka kuficha tusi au jina la mtu kwa ule mlio wa biiip, usiubandike mlio juu ya neno. Futa kwanza sauti ya neno lenyewe, kisha jaza pengo kwa mlio. Mlio huo kwa kawaida ni toni moja tupu ya hezi 1,000 (yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde), na kwa kuwa umekaa kwenye masafa hayo tu, mwenye programu ya kuhariri anaweza kuuchuja na neno likasikika. Kwa mtu aliyeomba afichwe, hiyo ni hatari kweli. Ziba neno zima. Ukiacha hata silabi ya kwanza, msikilizaji anakisia. Sauti ya mlio iwe ndogo kidogo kuliko ya maongezi, maana toni tupu huchoma masikio. Njia hii haifui dafu kwenye video inayoonyesha midomo, wala pale sentensi inayofuata inapomtambulisha mtu yuleyule. Na ukimwagiza mwenzako, sema “ziba kwa mlio”, si “bipu”: kubipu, kwa wengi wetu, ni kupiga simu na kukata kabla haijapokelewa.