Kabla hujaisifu wala kuilaumu shule, wahesabu watoto

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, simu yangu hujaa picha ya kitu kimoja tu: wastani wa shule. Huyu anashangilia, yule anataka Mwalimu Mkuu ahamishwe. Mimi ni mama muuza mchele, na huu ni mwaka wangu wa sita kwenye kamati ya shule ya msingi ya serikali hapa bonde la Kilombero. Wazazi wenzangu, nataka niwaonyeshe ninavyoyasoma matokeo yale, maana ukiishia kwenye wastani unaweza kumlaumu asiye na kosa na kumsahau mtoto aliyepotea.

Ingia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, fungua PSLE, yaani mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, chagua mwaka, mkoa, halmashauri, kisha shule yenu. Masomo ni sita, kila somo alama 50, kwa hiyo wastani unaouona ni kati ya 300, si asilimia. Daraja A linaanzia alama 241, B 181, C 121. Chini ya hapo ni D na E, na hao hawahesabiwi kufaulu. Shule yenye wastani wa 125 na yenye 175 zote ziko C, lakini wanaozijua wanajua haziko sawa hata kidogo.

Sasa chukua karatasi na kalamu ushuke mpaka kwenye mistari ya watahiniwa, somo kwa somo. Mimi huchora vijiti vinne na cha tano nakilaza juu yake, kama ninavyohesabu magunia. Hesabu A hadi E za Kiswahili, kisha za Hisabati, kisha za Kiingereza. Shuleni kwetu Kiswahili ndicho kinachowabeba wengine: mtoto anakiongea tangu anaamka. Kiingereza anakutana nacho darasani tu, akitoka nje ya geti basi. Ukijumlisha yote, somo lililo hoi linajificha nyuma ya lile lililonona. Ukiona D na E za Hisabati zimejaa ukurasa, hapo una jambo la kuuliza.

Lakini kazi kubwa haiko kwenye tovuti. Iko ofisini kwa Mwalimu Mkuu, ukutani, kwenye chati zile za wanafunzi zenye safu za Wav, Was na Jml, yaani wavulana, wasichana na jumla, na ndani ya rejista za zamani. Mwalimu Mkuu ndiye katibu wa kamati, na nyaraka anazo. Nenda siku isiyo ya mtihani, salimia, kaa, umwambie: "Mwalimu, naomba tuwafuatilie watoto wa darasa moja tangu walipoanza." Usiende na sauti ya mkaguzi. Wa kwetu aliwahi kufikiri namtafutia makosa. Nilipomweleza kuwa natafuta watoto, akazitoa rejista mwenyewe na kuniitia mwalimu wa taaluma.

Tulichukua walioanza la kwanza 2018, ambao walipaswa kufanya mtihani 2024. Walioandikishwa ni 118. Waliofanya mtihani ni 74, na kati yao 6 walihamia kwetu njiani. Kwa hiyo watoto wetu wa mwanzo waliofika mwisho ni 68, na 50 hawakuwepo. Hapo usiseme haraka kwamba wameacha shule. Pitia jina kwa jina. Watoto 14 walikuwa na barua za uhamisho. Watoto 19 tuliwakuta madarasa ya nyuma, wengi wao wakiwa wamekariri la nne baada ya upimaji wa kitaifa. Wakabaki 17 wasio na barua wala darasa, 12 kati yao wavulana.

Waliofaulu walikuwa 60. Ukigawanya kwa 74 unapata asilimia 81, na ndiyo iliyosomwa kwenye mkutano wa wazazi, watu wakapiga makofi. Waongeze wale 17 kwenye waliofanya, ufaulu unakuwa asilimia 66. Shule ni ileile na walimu ni walewale. Mimi naiamini hesabu ya pili, kwa sababu ndani yake kuna watoto wote ambao sisi wazazi tulipaswa kuwafikisha.

Kwa wasichana uliza pia kama kuna aliyeacha kwa ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu arudi shuleni, lakini bado nakutana na wazazi wasiojua, na binti yuko nyumbani analea na kuchota maji.

Ukishawajua waliopotea, fungua mahudhurio ya mwezi kwa mwezi. Kwetu Aprili na Mei rejista zinachafuka kwa alama za utoro. Ni mpunga: unaanza kujaza punje, ndege wanashuka, na familia zinahamia shambani. Mtoto wa miaka kumi ndiye anayeamia, yaani anayefukuza ndege, kuanzia alfajiri. Mwalimu hata awe hodari vipi hawezi kumfundisha hesabu za sehemu mtoto aliye shambani juu ya dungu, jukwaa la kuamia. Jambo hilo kamati ililipeleka kwenye mkutano wa kijiji, majirani wa mashamba yaliyopakana wakakubaliana watu wazima waamie kwa zamu. Hawakukubali wote. Waliokubali, watoto wao nawaona kwenye rejista.

Ikama, yaani idadi ya walimu inayotakiwa shuleni, iangalie pia, haichukui muda. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Gawanya wanafunzi kwa walimu waliopo kweli, si walioandikwa, halafu uulize nani anafundisha Hisabati la tano na la sita.

Na tafadhali usiilinganishe shule yenu na ile ya kulipia yenye watahiniwa 20 waliochujwa kwa usaili. Linganisha na shule ya serikali ya kata ya jirani, yenye watoto wa wakulima na wafugaji kama wenu, na uilinganishe na yenyewe ya miaka mitatu iliyopita.

Nunua daftari la jalada gumu uandike leo idadi ya la kwanza, wavulana na wasichana, na kila Januari uongeze mstari wa waliobaki, waliohama na waliohamia. Elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, kwa hiyo walioanza 2024 watamaliza la sita 2029. Langu nimeliacha ofisini kwa katibu, ili hata nikitoka kwenye kamati atakayekuja alikute.